UA LA UKUTANI NA NDUGU ZAKE WA ILAGALA

 

Leo tuiweke kando mihogo na michikichi, tutazame jambo ambalo wengi wetu huliita la anasa, yaani maua ya bustani. Usicheke kwanza. Kabla hatujamaliza utaona kwamba ua linaweza kukuokolea tuta la nyanya, na kwamba ua jingine, zuri kulitazama, liliwahi kuwafungia wavuvi njia ziwani. Kwa hiyo anayepanda maua bila kuyajua ni sawa na anayeongoza mtumbwi usiku bila taa.

Tuanze na ua lenyewe. Huko Ulaya liko ua moja mashuhuri ambalo kwa Kiswahili tungeliita ua la ukutani. Wataalamu wa mimea huliita Erysimum cheiri. Limepewa jina hilo la ukuta kwa sababu lina tabia ya kuota penyewe katika nyufa za kuta kuukuu za mawe, kwenye magofu ya ngome za zamani na katika machimbo ya mawe. Hupenda mahali pakavu pasipotuama maji, penye chokaa kidogo. Rangi zake ni njano, machungwa, na nyekundu iliyokolea mpaka kuwa ya kahawia. Harufu yake ni tamu, na ndiyo inayolipendeza zaidi kwa wenyewe.

Wakulima wa bustani wa Uingereza husia mbegu zake mwezi wa Mei au Juni. Miche huhamishiwa mahali pake penye majira ya kupukutika majani, hulala hapo wakati wote wa baridi kali, kisha huchanua Machi, Aprili na Mei ya mwaka unaofuata. Zingatia hilo, ndugu mkulima: ua hili husubiri baridi ipite ndipo lichanue. Hapo ndipo penye jibu la swali letu la pili.

JE, UA HILI LITACHANUA ILAGALA?

Huenda unaye jamaa aliyekwenda ng'ambo akakuletea pakiti ya mbegu yenye picha nzuri. Utauliza, nikizisia hapa Ilagala zitaota? Kuota huenda zikaota. Lakini kuota ni jambo moja na kuchanua ni jambo jingine.

Ilagala iko karibu na pale Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu joto ni la mwaka mzima. Mvua huanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi. Usiku wa Julai una ubaridi kidogo, lakini huo si baridi ya kuliamsha ua la ukutani. Mmea utakaa na majani tu, utadhoofika, na mvua za masika zitauozesha mizizi.

Jambo hili si geni kwetu Tanzania. Chukua mfano wa pareto. Pareto ni ua, na hulimwa nyanda za juu za Mbeya, Iringa na Njombe, kwa sababu pasipo ubaridi haliwezi kufanya vichwa vya maua vya kutosha. Ulete pareto hapa ziwani, utavuna majani. Au tazama kabichi iliyomo bustanini mwako. Umewahi kuiona kabichi ya Ilagala ikitoa maua? Inafunga kichwa, inapasuka, inaoza, na ua hulioni. Sababu ni ile ile: nayo husubiri baridi ndipo ichanue.

Wala si ajabu kwamba kabichi na ua la ukutani wana tabia moja. Hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo huo unatambulika kwa maua yake: kila ua lina petali 4 zilizopangwa kama msalaba. Katika ukoo huo wamo kabichi, sukuma wiki, figili, haradali na chainizi.

Basi kabla hujahangaika na mbegu za ng'ambo, fahamu mambo matatu. La kwanza, ua la ukutani lina sumu inayogusa moyo, hasa katika mbegu. Si mboga, hata kama ni ndugu wa mboga. La pili, ua hili hushikwa na ugonjwa wa uvimbe wa mizizi unaoishambulia jamii yote ya kabichi, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Mche mmoja wenye udongo mgonjwa unaweza kukuharibia tuta la kabichi kwa muda mrefu. La tatu, mbegu na miche kutoka nje ya nchi haviingizwi hivi hivi mfukoni. Inatakiwa kibali, na mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Muulize bwana shamba wa kata yako atakueleza.

NDUGU WA UA LA UKUTANI YUMO JIKONI MWAKO

Ukitaka kuliona ua linalofanana na lile la Ulaya, huna haja ya kuvuka bahari. Acha miche michache ya chainizi, haradali au figili ikomae. Hii haidai baridi kama kabichi. Ikipata joto na siku za jua, hurusha shina juu na kuchanua. Chainizi na haradali hutoa maua ya njano, figili hutoa meupe au ya zambarau hafifu. Petali ni zile zile 4. Karibia uvute pumzi, utasikia harufu nyepesi ya asali.

Wengi wetu tukiona chainizi imerusha ua tunasema imeharibika, tunaing'oa. Ing'oe mingine, lakini acha mitano au sita mwishoni mwa tuta. Faida zake ni hizi.

Kwanza, nyuki. Mkoa wetu wa Kigoma unajulikana kwa asali, lakini kazi ya nyuki haiishii kwenye mzinga. Ua jike la boga hufunguka asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo likikosa nyuki wa kulibebea chavua kutoka ua dume, kile kiboga kidogo kitageuka njano na kuanguka. Tikitimaji na tango nayo hutegemea nyuki. Mkulima anayelalamika kwamba maboga yake yanapukutika machanga, pengine kinachokosekana si mbolea bali ni nyuki.

Pili, walinzi. Wako nyigu wadogo kabisa, wadogo kuliko mbu, wanaotaga mayai yao ndani ya viwavi na ndani ya vidukari. Yai likianguliwa, mtoto humla kiwavi kutoka ndani. Nyigu mkubwa wa aina hiyo hala kiwavi, chakula chake ni maji matamu ya maua madogo. Bustani isiyo na ua ni kama kituo cha polisi kisicho na chakula: askari hawakai.

Tatu, mbegu. Vile vitumba vyembamba vinavyofuata baada ya ua vikikauka na kuwa rangi ya majani makavu, vikate, vianike juu ya gunia, vipure. Umepata mbegu za msimu ujao bila kwenda dukani. Ila usiziache chainizi na haradali zichanue pamoja, maana huenda zikachavushana na ukapata mbegu isiyojulikana ni ya nani.

Na ukiwa na lazima ya kupiga dawa ya wadudu, usipige asubuhi maua yakiwa wazi. Piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi nyumbani.

MARIGOLDI: UA LINALOFANYA KAZI CHINI YA ARDHI

Sasa tuje kwa ua ambalo linastahili kabisa kukaa kando ya ukuta wa nyumba ya Ilagala mahali pa lile la Ulaya. Ni marigoldi, yale maua ya njano na rangi ya machungwa yenye majani ya kunuka sana ukiyasugua. Unalijua gugu liitwalo bangi mwitu? Hao ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote asili yao ni Amerika. Marigoldi halidai baridi, huota upesi na huvumilia jua kali.

Ua hili lina siri katika mizizi. Lakini kwanza tuuelewe ugonjwa.

Uko na tuta la nyanya. Unamwagilia asubuhi na jioni. Hata hivyo adhuhuri nyanya zinalegea, usiku zinaamka, kesho zinalegea tena. Majani yanapauka, matunda ni madogo. Unaongeza mbolea, hakuna kitu. Wapo wanaosema ardhi imechoka, na wapo wanaosema mengine makubwa zaidi. Wengine hulihama tuta na kwenda kufyeka ukingoni kabisa mwa mto.

Usiende popote kwanza. Ng'oa mche mmoja taratibu, uuoshe mizizi, uutazame. Ukiona mizizi imejaa vifundo vifundo kama shanga zilizoshikana, umempata adui. Hao ni minyoo fundo, wadogo mno hata macho hayawaoni, wanaoingia ndani ya mzizi na kunyonya. Mzizi wenye vifundo hauwezi kupandisha maji, ndiyo maana nyanya hulegea ingawa udongo una unyevu.

Angalia usichanganye mambo mawili. Maharage na karanga pia vina vinundu mizizini, lakini hivyo ni vya heri, vinatengeneza mbolea. Kinundu cha heri kimebandikwa pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki. Tena, kama mizizi ni safi lakini nyanya imenyauka ghafla ikiwa bado kijani, kata shina na uweke kipande katika bilauri ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Marigoldi haliponyi ugonjwa huo. Ng'oa, choma, usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo mahali hapo.

Sasa dawa ya minyoo fundo. Mizizi hai ya marigoldi ina kemikali iliyo sumu kwa minyoo hao. Mnyoo akiingia katika mzizi wake hawezi kukua wala kuzaana, na wengi hufa. Wapo wanaopanda miche miwili mitatu pembeni mwa tuta wakidhani harufu itafanya kazi. Haifanyi, ndugu mkulima. Kazi iko mizizini, na mzizi hulinda pale tu ulipofika. Sharti ulipande tuta zima, kwa msongamano, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, kabla ya nyanya.

Kwa kalenda yetu ya ziwani, fanya hivi:

Mwanzoni mwa Februari, sia mbegu katika kitalu. Zifukie kidogo tu, kiasi cha nusu sentimita. Zitaota katika siku 4 hadi 7.

Mwanzoni mwa Machi, hamishia miche katika tuta lile lenye ugonjwa. Nafasi iwe sentimita 20 kila upande. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 litachukua mistari 5 ya miche 50, jumla miche 250. Mvua bado zipo, hutachoka kumwagilia.

Palilia bila kukosa. Magugu mengi huwalisha minyoo fundo. Ukiacha magugu katikati ya marigoldi, ni kama kumfukuza mwizi mlangoni na kumfungulia dirisha.

Mapema Mei, sia nyanya zako katika kitalu cha mahali pengine, penye udongo usio na vifundo. Jambo hili husahauliwa mno. Ukihamisha mche wenye vifundo, umewapandia minyoo pamoja na nyanya.

Katikati ya Mei, katakata marigoldi, yafukie palepale, uache udongo upumzike wiki mbili. Kisha, mwanzoni mwa Juni, panda nyanya za kumwagilia.

Kumbuka, minyoo hawaishi wote. Wanapungua, nyanya inapata nafuu ya kuzaa. Mzunguko huo inafaa urudiwe, tena ubadilishane na mahindi au vitunguu. Na wakati wa kiangazi usiache marigoldi yakizeeka karibu sana na nyanya, kwa sababu buibui wekundu, wale wadogo wanaofuma utando chini ya majani, huyapenda na wanaweza kuhamia kwenye nyanya.

KUPANDA KANDO YA UKUTA

Kando ya nyumba panda kwa mapambo na kwa mbegu. Nyumba nyingi zetu ni za matofali ya udongo, kwa hiyo usichimbe shimo chini ya ukuta wala usimwage maji hapo. Acha nafasi ya hatua moja kutoka ukutani. Nafasi hiyo itaukinga msingi na unyevu, na itakuwezesha kufagia na kuona kama kuna nyoka.

Udongo wa karibu na ziwa mara nyingi ni wa mchanga na hukauka upesi. Changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili za mraba. Usizidishe, maana samadi nyingi huleta majani mengi na maua machache. Ile mikungu mitupu ya michikichi inayobaki baada ya kukamua mawese usiitupe. Itandaze juu ya udongo kati ya miche. Hutunza unyevu, na ikioza hutoa chumvichumvi yenye faida kwa maua na matunda.

Pamoja na marigoldi unaweza kupanda zinia na kosmosi, ambazo nyuki na vipepeo huzipenda sana. Ukipata nafasi weka na alizeti nyuma yao. Chagua marigoldi yenye petali za mstari mmoja au miwili. Yale yaliyofumba kama mpira ni mazuri kutazama, lakini nyuki hapati njia ya kuingia. Ua likinyauka likate, mmea utatoa jingine. Ukikaribia mwisho wa msimu acha vichwa vikubwa vikauke, utavuna mbegu zake nyembamba nyeusi zenye mkia mweupe. Zungushia ua wa matete au miti dhidi ya kuku na mbuzi.

Watu husema harufu ya marigoldi hufukuza mbu. Usiweke usalama wa watoto wako juu ya maneno hayo. Mche uliosimama nje hauzuii mbu kuingia ndani. Lala ndani ya chandarua, na usiache makopo yenye maji bustanini.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Gugu maji, lile lenye ua la zambarau hafifu, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilienea duniani likibebwa na watu waliolipenda kwa uzuri wake, wakaliweka katika madimbwi ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likafunika ghuba nzima, mitumbwi ikashindwa kupita na samaki wakakosa hewa. Ua la lantana nalo lililetwa kwa mapambo na wigo. Leo limevamia malisho, na ng'ombe akilila huugua.

Sisi wa Ilagala tumekaa mlangoni. Kila kinachotupwa katika Malagarasi kinafika ziwani, na ziwa letu ni la nchi nne. Kwa hiyo usipande mmea wa mapambo majini, wala usitupe mabaki ya bustani mtoni.

Vilevile usiipeleke bustani yako ukingoni kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto kuwa mahali pasipofanyiwa shughuli za kudumu. Na ziwa lenyewe limetukumbusha: mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, maji yalipanda yakaingia katika makazi na mashamba ya pwani. Ndiyo sababu inafaa zaidi kuliponya tuta lililo karibu na nyumba kuliko kulikimbia.

Neno la mwisho ni la kulifurahia ua lenyewe. Mwenye maua mlangoni huamka akayatazama, na akiyatazama humwona na kiwavi aliyeingia jana, na jani lililoanza kupauka. Anayekaa mbali na bustani huja kuona hasara imekwisha kuwa kubwa. Ukitaka kuweka maua ndani ya nyumba, kata asubuhi mapema, ondoa majani ya chini, weka katika kopo la maji safi na ubadilishe maji kila siku. Mgeni akija atakuuliza ni maua gani. Mweleze habari ya mizizi yake, naye akaangalie nyanya zake.

Basi ndugu mkulima, kazi ya wiki hii ni moja. Ng'oa mche mmoja wa nyanya unaolegea, uoshe mizizi, uitazame. Ukiona vifundo, anza kutafuta mbegu za marigoldi.